Ndege Isiyotunguliwa Haiulizwi

Usiku wa kuamkia Machi 31, 1944, Uingereza ilirusha ndege 795 kwenda kuupiga mji wa Nuremberg. Ndege 95 hazikurudi. Miezi mitano kabla, Oktoba 14, 1943, Wamarekani walipeleka ndege 291 mchana kweupe kupiga viwanda vya Schweinfurt, wakapoteza 60, kila moja na watu wake 10. Mpaka leo watu wanabishana nani alikosea, aliyejificha gizani au aliyetaka kuiona shabaha yake. Kwangu mimi lenye uzito zaidi ni jambo ambalo hasara hizo ziliwalazimisha wakubwa kulifanya: kuuliza.

Agosti 1941, ripoti ya Butt ilichunguza picha zilizopigwa na ndege za Uingereza. Ikabaini kwamba kati ya marubani waliodai kuifikia shabaha, ni thuluthi moja tu walioikaribia kwa kilomita nane. Novemba mwaka huohuo ndege 37 zikapotea kwa usiku mmoja, na Churchill akataka mashambulizi yapunguzwe. Baada ya Schweinfurt, Wamarekani nao waliacha kuingia ndani sana Ujerumani bila ndege za kuwasindikiza, hadi mapema 1944. Siwasifu. Miji iliendelea kuungua, na askari wa anga 55,573 wa upande wa Uingereza walikufa, kati ya 125,000 hivi waliohudumu. Lakini kila ndege iliyoanguka ilidai maelezo.

Sasa tutazame huku kwetu Kenya. Kaskazini-mashariki ya Isiolo, Juni 13, 1940, siku tatu tu baada ya Italia kuingia vitani, ndege za Caproni ziliipiga Wajir. Waafrika Kusini walijibu kwa ndege za Kijerumani aina ya Junkers, zilizokuwa zikibeba abiria wa shirika lao (vita havina haya). Hata Waitalia walijua uchungu wa hasara: Ethiopia waliyoitawala ilikuwa imezingirwa, na ndege iliyoharibika ilikuwa shida kuipatia mbadala.

Miaka 13 baadaye hesabu ilibadilika. Kuanzia Novemba 1953 hadi Julai 1955, ndege za Uingereza aina ya Lincoln, warithi wa Lancaster zilizopiga Nuremberg, ziliangusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, mlima unaoonekana kutoka Isiolo. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki za kujitengenezea; mizinga ya kutungulia ndege hawakuwa nayo. Hapakuwa na marubani wa kuliliwa na jamaa zao kila asubuhi, wala waziri wa kutolewa jasho London. Watetezi wa operesheni hiyo walisema mabomu yalivunja moyo wa wapiganaji, na huenda baadhi yao walitishika kweli. Hata hivyo, kilichowabana hasa ni misako ya ardhini, kamatakamata ya Nairobi ya Aprili 1954, na vijiji vya kulazimishwa vilivyowakatia chakula. Kupiga msitu kutoka juu kuliendelea kwa sababu kulikuwa rahisi kwa aliye juu.

Na bomu halina habari kwamba vita vimeisha. Archer's Post, mwendo mfupi kutoka mjini Isiolo, wafugaji waliuawa na kulemazwa kwa miaka mingi na mabomu yaliyoachwa bila kulipuka kwenye viwanja vya mazoezi vilivyotumiwa na jeshi la Uingereza. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa Wasamburu na Wamaasai zaidi ya 200 pauni milioni 4.5. Ilibidi iwepo kesi ya wachunga mifugo na mawakili wao kuleta hesabu ambayo kule Nuremberg ililetwa na ndege 95.

Leo ndege isiyo na rubani imeifanya hasara ya mpigaji kuwa karibu sufuri, na Kenya nayo hutumia nguvu za anga katika operesheni zake. Kwa hiyo ulizo lisilotoka tena kwa jamaa za marubani litoke bungeni. Kamati ya Ulinzi ya Bunge ipewe, baada ya kila operesheni ya anga, taarifa ya mahali mabomu yalipoanguka, waliokufa ni akina nani, na nani ameyaondoa yaliyobaki. Wabunge wa kaskazini ndio wa kwanza kuidai.