Muhtasari Si Kitabu

Miaka 23 iliyopita nilifaulu mtihani juu ya kitabu ambacho sikukisoma. Kilikuwa ni riwaya ya Theodor Fontane iitwayo Effi Briest, mojawapo ya vitabu sita tulivyopangiwa katika somo la fasihi ya Kijerumani ya karne ya kumi na tisa. Chuo nilichosomea hakina haja ya kutajwa, maana kosa lake ni kosa la vyuo vingi. Tulipewa karatasi tatu zilizopigwa chapa: ya kwanza ilieleza maisha ya mwandishi, ya pili ilisimulia kisa, na ya tatu ilitufundisha kwamba kitabu hiki ni cha zama za uhalisia. Nilizihifadhi kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo sura asizozielewa, nikapata alama za juu, nikapongezwa. Pongezi ile hunikera hata leo.

Nasema bila ya kificho kwamba mwanafunzi asomaye fasihi kwa muhtasari hasomi fasihi. Apokea hukumu iliyokwisha kukatwa, ilhali hakusikia shahidi hata mmoja. Siku hizi mashine humtungia muhtasari huo kwa dakika moja, na hatari imezidi kuliko wakati wetu.

Na tukitazame kisa chenyewe. Binti wa miaka 17 anaozwa kwa Innstetten, afisa wa serikali ya Prussia, amzidiye miaka 21, ambaye zamani alimpenda mama yake binti huyo. Upweke unamtia mikononi mwa mtu aitwaye Crampas. Zaidi ya miaka sita baada ya mambo kwisha, mume anaziona barua za kale. Anamwua Crampas katika pigano la bastola, anampa mkewe talaka na kumnyima mtoto. Effi anakufa angali kijana. Riwaya ilichota katika kisa cha kweli cha pigano la mwaka 1886, na mwanamke wa kisa kile, Elisabeth von Ardenne, hakufa kijana, bali aliishi hadi mwaka 1952. Haya yote ni sahihi, na mwanafunzi akiyaandika hustahili alama. Lakini hajaanza kusoma.

Karibu na mwisho wa kitabu mna mazungumzo ambayo karatasi zangu tatu hazikuyataja. Innstetten amepandishwa cheo, wala haoni utamu wake. Anamwambia rafiki yake Wüllersdorf kwamba yampasa kuondoka, aende kwa watu weusi wasiojua ustaarabu wala heshima, maana mambo hayo mawili ndiyo yaliyomwangamiza. Rafiki yake anamdhihaki. Anamwuliza kama ataka kuvaa tarbushi nyekundu na kusimamia baraza, au kuchanjana udugu na mkwe wa Mfalme Mtesa. Mtesa huyo ni Mutesa wa Kwanza wa Buganda, aliyefariki mwaka 1884. Riwaya ilitoka kuwa kitabu mwaka 1895, miaka minne tu baada ya serikali ya Ujerumani kuuchukua utawala wa pwani yetu kutoka mikononi mwa kampuni.

Yamkini aliyetunga karatasi zile aliona kwamba hayo ni maneno machache ya mtu aliyechoka. Kwangu mimi hapo ndipo kitabu kinapofunguka. Kabla ya pigano, Innstetten alikwisha kumkiria rafiki yuyo huyo kwamba hana chuki wala kiu ya kisasi, na kwamba angali akimpenda mkewe. Anaua kwa kuwa jamii yataka hivyo. Wüllersdorf naye akakubali kwamba heshima ya namna hiyo ni ibada ya sanamu, walakini maadamu sanamu imesimama hawana budi kuisujudia. Mtu aliyemwaga damu kwa ajili ya sanamu hiyo ndiye anayekuja kuota nchi ya watu wasio na heshima, na nchi hiyo ni yetu.

Je, Fontane aiamini ndoto hiyo? Kwa maoni yangu haiamini, lakini aikosoa nusu tu. Wüllersdorf aicheka safari. Hasemi hata neno moja kwamba watu wa huko wana heshima yao. Jawabu halikuwa mbali. Katika mji ule ule wa Berlin, Kiswahili kilikuwa kikifundishwa katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja kuwa mwalimu huko, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Humo mwaelezwa jinsi watu wa pwani waishivyo kwa adabu, waoavyo na wazikavyo. Mwanafunzi wetu akiviweka vitabu hivi viwili mezani pamoja, ana neno la kusema ambalo hakuna muhtasari utakaomwambia.

Wako wasemao kwamba fasihi hiyo ni ya waliotutawala, tuiache. Nawajibu kwamba aliyetawaliwa ndiye mwenye haja kubwa ya kuyasoma maneno ya mtawala, na kuyasoma yote, pasipo kuruka yale yanayomhusu.

Wengine husema Kijerumani ni kigumu. Sipigi vita tafsiri. Mwaka 1814 Goethe alimsoma Hafidh wa Shirazi katika tafsiri ya Joseph von Hammer, na mwaka 1819 akatoa diwani yake ya Mashariki na Magharibi. Hakusoma muhtasari wa Hafidh. Alisoma mashairi yake. Ajuaye lugha na asome kwa lugha yenyewe, na asiyeijua asome tafsiri kamili.

Wengine tena hutetea majina ya zama, kwamba ndiyo yanayopanga elimu. Basi na watuambie Woyzeck wa Georg Büchner ni wa zama zipi. Mwandishi alikufa mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 23, akaiacha tamthilia haijakamilika. Ilichapishwa mwaka 1879, ikachezwa jukwaani mara ya kwanza mwaka 1913. Jina la zama huonyesha mlango tu, nasi tumekuwa tukiwapa wanafunzi shahada kwa kusimama nje.

Udhuru wa mwisho ni kwamba wakati hautoshi. Huu ni wa kweli, na dawa yake ni nyepesi. Vitabu sita na vipunguzwe viwe viwili, visomwe tangu mwanzo hadi mwisho, na mtihani umtake mwanafunzi aeleze ukurasa mmoja aliouchagua mwenyewe, na kwa nini aliuchagua. Mwalimu atakayeogopa mtihani wa namna hiyo na ajiulize kama naye alikisoma kitabu.

Kusikia si kuona. Alama zangu zingali zimeandikwa katika cheti changu, na ukurasa wa Mfalme Mtesa niliuona miaka tisa baada ya kukipokea.