Mama Ana Haki ya Kuambiwa



Sisi wauguzi tukisikia kwamba wakili ameomba faili la mgonjwa, mioyo hutudunda. Mwezi huu tuitazame kazi ya mawakili wa England wanaoshughulikia kesi za uzembe wa matibabu, kwani ina funzo kwa mama mjamzito na kwetu tunaomhudumia.

Huko mawakili ni wa namna mbili. Solisita humpokea mlalamikaji na kukusanya karatasi za hospitali. Barista hushauri kama kesi ina uzito, kisha husimama mbele ya jaji. Leo aweza kumtetea mgonjwa, na kesho akaitetea hospitali katika kesi nyingine.

Kazi yake kubwa ni kusoma. Husoma faili mstari kwa mstari: mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa saa ngapi? Daktari aliitwa lini, akafika lini? Kisha huwauliza mabingwa mambo mawili. Je, huduma ilikuwa chini ya kiwango? Na je, upungufu huo ndio ulioleta madhara? Likikosekana moja, kesi haisimami, hata machozi yawe mengi kiasi gani. Si kila msiba wa leba ni uzembe.

Tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957, daktari hakuhesabiwa mzembe ikiwa alifanya kama ambavyo madaktari wenzake makini wangefanya. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilitumika hata katika kumweleza mgonjwa hatari zinazomkabili.

Kesi iliyobadili jambo hilo ilitoka Scotland. Mama mmoja mfupi wa kimo, mwenye kisukari, alikuwa na wasiwasi kwamba mtoto wake ni mkubwa mno. Kwa mama mwenye kisukari, hatari ya mabega ya mtoto kukwama ilikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari alilijua hilo lakini hakumwambia, akihofu kwamba kina mama wakiambiwa wangechagua kupasuliwa. Mwaka 1999 mabega yalikwama kweli. Mtoto alikosa hewa, akapata mtindio wa ubongo.

Mama alishindwa katika mahakama za Scotland, lakini hakukata tamaa. Machi 2015 majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walimpa haki kwa kauli moja. Walisema daktari lazima amweleze mgonjwa hatari ambayo mtu wa hali yake angeiona ni nzito, pamoja na njia nyingine zilizopo. Alipewa fidia ya pauni milioni 5.25. Mtoto alikuwa na miaka 15, na fedha hizo hazikumrudishia afya.

Mama mpendwa, sheria hiyo ni ya kwao, lakini wasiwasi wa yule mama ni wetu sote. Ukienda kliniki, usione haya kuuliza: Hali yangu ina hatari gani? Kuna njia nyingine? Nikisubiri itakuwaje? Kama unaweza, nenda na baba watoto, maana masikio manne husikia zaidi.

Nasi wauguzi tusimwite mama anayeuliza msumbufu. Tumweleze kwa lugha anayoielewa, kisha tuandike tulichomweleza, na saa. Dakika tano za maelezo ni bora kuliko miaka 15 ya mahakama.

Tukutane mwezi ujao.