STI au Mark X? Kwanza niambie kwenu ni wapi

Kama unasoma hii ukiwa ndani ya Probox kutoka Kisii kwenda Keroka, wanne mbele, watano nyuma, kiwiko cha mtu mbavuni mwako, basi najua unachowaza Subaru inapowapita pale mlimani. Hata mimi huwaza hivyo hivyo. Unaisikia kabla hujaiona. Inapita, kila kijana ndani ya gari ananyamaza, halafu mmoja anasema, "Hiyo ni STI, buda," kana kwamba kuna aliyekuwa hajui.

Nina miaka 26. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwisha na hamu ikawa ilishatangulia kuisha. Tangu hapo nimeishi kwa kuandika mitandaoni, kupiga picha za harusi na kuuza simu za mitumba. Akiba ya miaka minne ukijumlisha na mkopo wa chama inanipa milioni moja na laki mbili. Na kila kijana wa Gusii ninayemjua aliyewahi kushika pesa za aina hiyo huishia kwenye swali moja: Subaru Impreza WRX STI ya zamani, ama Toyota Mark X? Ya kwanza ni gari la mbio lililowekewa milango minne. Ya pili ni kochi lenye injini.

Mapenzi yetu kwa Subaru hayakuanza jana. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiendesha Impreza. Colin McRae akashinda na Impreza 1997, Richard Burns akashinda na yake mwaka 2000. Wengi wetu tulikuwa watoto au hatukuwa tumezaliwa, lakini tulilelewa na wazee wanaosimulia hayo mambo kama walikuwa wamekaa kiti cha abiria. Kitu ambacho wazee hawasimulii ni kwamba magari yale ya Safari yalikuwa yameinuliwa juu, shoki zake ndefu, na helikopta ikitangulia angani kuangalia kama kuna ng'ombe barabarani. STI unayouziwa wewe iko chini, ngumu kama kitanda cha bweni, na ng'ombe utawaona mwenyewe.

Mwezi mmoja nilipewa STI ya rafiki yangu kwa siku nzima. Ni ya mwaka 2004: injini ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu za farasi 280, gia sita za mkono, magurudumu yote manne yanavuta. Nilikuwa na kazi ya kweli ya kufanya nayo. Magokoro, nyanya yangu, anaishi ng'ambo ya Kebirigo huko Nyamira, na kila mwezi lazima afike Kisii kwa kliniki ya presha. Nikasema leo nitamchukua kwa mtindo.

Wacha nikuambie ukweli: kwenda kumchukua, nikiwa peke yangu, nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kushika usukani. Lile gari linaongea. Kila shimo linakuja mkononi, kila kokoto unaisikia chini ya kiti. Ukiingia kona na lami ina unyevu, usukani unakuambia mapema kwamba hapa pole. Na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba raha hiyo nilikuwa naipata kwa kasi ya 60. Barabara zetu ni kona, mlima, mteremko, kona. Hakuna haja ya kukimbia ndipo ujue unaendesha.

(Kuhusu ule mlio. STI nyingi za Japani za baada ya 2002 zilitoka kiwandani zikiwa na mabomba ya ekzosi yenye urefu sawa, kwa hiyo hazikuwa na ule mngurumo wa "bruu-bruu" unaoupenda. Ukiusikia kwenye gari la miaka hiyo, jua kuna uwezekano mkubwa fundi alishalala chini yake akabadilisha mabomba. Muulize muuzaji ni nini kingine kilibadilishwa, na nani.)

Halafu magokoro akapanda. Kwanza ilibidi tumsaidie kuketi, maana kiti kiko chini na kimemkumbatia mtu kama amefungwa. Kufika lami alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Kila tuta nilipanda kwa pembe kama naogopa kuamsha mtoto, na bado bampa ilikwaruza mara mbili. Hakulalamika, wazee wetu hawalalamiki ovyo mbele ya mjukuu mwenye gari. Lakini tulipofika mjini alisimama kando ya mlango dakika nzima akinyoosha mgongo, na jioni aliniambia kwa upole kwamba atarudi na matatu, nisijisumbue.

Sasa, Mark X. Mwezi uliofuata binamu yangu aliniachia yake, ile ya 250G: V6 ya lita 2.5, farasi 203, gia zinajibadilisha zenyewe. Jamani, starehe ipo. Unafunga mlango na kelele za stendi zinabaki nje. Magokoro alishuka Kisii akiwa ameamka kutoka usingizini. Kwa upande wake, kesi ilikuwa imekwisha hapo.

Kwangu haikuwa imekwisha, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kasi. Nikitoka Keroka kuelekea Nyansiongo siku ile ile baada ya kumwacha, barabara inanyooka kidogo, majani ya chai huku na huku, muziki taratibu. Nilipotupa macho kwenye saa ya kasi nilikuwa 120. Sikuwa nimeamua kukimbia. Hakuna kitu ndani ya lile gari kilichoniambia. Ndani ya STI, 120 ingekuwa kelele, mtetemo na moyo mdomoni. Ndani ya Mark X ni kama umekaa sebuleni, mpaka mtoto wa shule avuke mbele yako ama boda atoke kwenye shamba la chai bila kuangalia. Watu husema STI ndilo gari la kuua vijana. Sikatai kwamba linamchokoza mtu. Lakini ujue Mark X ya lita 3.5 ina farasi 318, zaidi ya ile STI niliyoendesha, na inakuficha kila moja kati ya hizo 318. Ukichagua starehe, ile kazi ya kukuonya ambayo gari gumu lingeifanya, itabidi uifanye mwenyewe kwa macho, kila dakika.

Sababu ya pili ni tope. Unajua mvua yetu: asubuhi jua, saa tisa alasiri mbingu inafunguka. Kutoka lami hadi kwa magokoro ni kilomita mbili za udongo mwekundu, na nusu yake ni mlima. Mark X nyingi huvutwa na magurudumu ya nyuma pekee. Nilifika katikati ya mlima, nyuma ikaanza kucheza kama mkia wa samaki, na hapo ndipo safari ya starehe ilipoishia. Vijana sita walikuja kusukuma, nikawapa mia tano wagawane, wakasukuma hadi kwenye mtaro. Magokoro, mwenye presha, akashuka na kiatu chake kimoja mkononi, akapanda boda kilomita moja iliyobaki huku mvua ikimnyeshea. Nilibaki na kochi langu la ngozi mtaroni mpaka giza.

STI ilikuwa imepanda mlima ule ule bila hata kupumua. Iliacha rangi ya bampa njiani, lakini ilifika.

Kwa hiyo ukiniuliza STI au Mark X, nami nakuuliza: kwenu ni wapi, na nani anakaa kiti cha nyuma? Kama unaishi Mwembe au Jogoo, lami hadi mlangoni, na unabeba mke, mtoto au wateja, chukua Mark X na ujifunze kuangalia saa ya kasi. Kama uko peke yako, unapenda kuendesha kwa dhati, na una pesa ya pili iliyolala kando kwa ajili ya fundi, chukua STI, na usimsikilize mtu akikuambia umepotea.

Hiyo pesa ya pili si mzaha. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na umbo lile la STI lilikoma kutengenezwa 2007. Maana yake hakuna jipya linalokuja bandarini. Utakalonunua limeshapita mikononi mwa vijana watano, kila mmoja akiwa na haraka zake. Injini yake inatumia mkanda unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita laki moja. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana na unaanza kuchangisha. Inakunywa oili ikiendeshwa kwa nguvu, na ikikaukiwa, beringi zinakufa. V6 ya Mark X inatumia mnyororo, inasamehe zaidi. Ukitumia milioni yote kununua STI, umenunua nusu ya gari.

Kuna jambo jingine, na hili ni gumu kuliandika. Nilipoacha chuo kuna watu kijijini waliocheka. Kuna mjomba aliyeniambia mbele ya watu kwamba nitarudi kuchuma chai. Sehemu kubwa ya STI niliyokuwa nataka ilikuwa kwa ajili ya sikio la mjomba huyo: aisikie ikitoka barabarani, ikipanda ule mlima, ajue ni nani. Mark X nayo nilitaka aione imeegeshwa, nyeusi, inang'aa. Nilikaa na hayo mawazo usiku ule baada ya mtaro, nguo zimejaa tope, nikagundua kwamba katika hesabu zangu zote za farasi na turbo, mtu pekee ambaye angepanda lile gari kila mwezi bila kukosa sikuwa nimempigia hesabu hata siku moja.

Basi nimefikia wapi? Jumamosi hii naenda kuangalia Forester yenye turbo. Ni ndugu wa STI: injini ya familia ile ile, magurudumu manne yanavuta, ila imeinuka zaidi ya milimita 200 kutoka ardhini wakati STI na Mark X zote ziko karibu 150. Haina ukali wa STI kwenye kona, inalala kidogo kama bibi arusi anayejizungusha. Haina ukimya wa Mark X. Marafiki zangu wameshanipa jina, "mzee wa kanisa". Sawa tu.

Nimemwambia muuzaji sitaki kuijaribu asubuhi pale mjini kwenye lami. Tukutane saa tisa, mawingu yakishafunga, twende wote hadi Kebirigo na tushuke barabara ya udongo. Kiti cha nyuma kitakuwa na mtu wa miaka 78, na bei tutaanza kuizungumza yeye akishashuka.