CD4 zikiwa juu, dawa usingoje

Msikilizaji wa Mbulumbulu, bado tunasikia mtu akisema: "Nimepima, nina virusi, lakini CD4 zangu ziko juu, dawa nitaanza baadaye." Huo ni utaratibu wa zamani. Tangu 2016 Tanzania humwanzishia ARV kila anayekutwa na VVU, bila kungoja CD4 zishuke.

CD4 ni aina ya limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga. Utapiamlo, kifua kikuu na dawa za saratani nazo hupunguza limfosaiti, ila VVU huziharibu CD4 zenyewe. Zikishuka chini ya 200, kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi hupata upenyo, ndiyo maana kipimo bado kinahitajika. Na anayeacha dozi msimu wa kuvuna ngano kwa kuwa anajisikia mzima, huzishusha upya.