Askari Akipiga Hodi Usiku

Mama mmoja wa upande wa Mutomo alifika mbele ya meza yangu juma lililopita akaniuliza neno ambalo naona lawafaa wasomaji wote wa Kitui na Makueni. Watu waliojitaja kuwa askari walimwendea saa nne usiku kutafuta pombe. Walimwaga unga wake chini, wakavunja kufuli la sanduku aliloachiwa na marehemu mama yake, wala hawakuona kitu. "Mwanangu," aliuliza, "je, Serikali yaweza kufungua hata sanduku la marehemu?"

Nilimjibu kwamba yaweza, lakini si hivi hivi tu. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya faragha, kwamba mwili wake, nyumba yake na mali yake visipekuliwe, wala vitu vyake visichukuliwe. Haki hiyo hupunguzwa na sheria, wala si na hasira ya askari. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 118, yataka hati ya mahakama, itolewayo baada ya sababu kuelezwa kwa kiapo. Hati hiyo hutumika tangu jua kuchomoza hadi kutua, hata Jumapili, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Tena mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenziwe, kwa adabu.

Tusidanganyane, polisi waweza kuingia bila hati ikiwa kuingojea kungeharibu upelelezi. Hata hivyo, sheria yao ya 2011 yamtaka ofisa aonyeshe cheti chake cha kazi. Basi ni nani kwetu athubutuye kuomba kukiona? Mwenye koti refu akisema "Serikali!" mlango hufunguka, na nakiri kwamba hata mimi ningefungua. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, kuuliza kulikuwa hatari, na woga ule haujatutoka.

Usishike panga. Omba hati, isome, mwite jirani ashuhudie, uandike jina na nambari ya askari. Malalamiko hupokewa na IPOA, halmashauri huru ya kusimamia polisi.

Nilimwandikia mama yule barua yake kwa nakala mbili. Moja tuliituma. Ya pili aliikunja akasema ataitia sanduku lile lile, akishanunua kufuli.