Kofia ya ubongo ijue nywele zetu na Kikamba

Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, na kazi hunipitisha Kitui na Makueni nyumba kwa nyumba. Kila nikitaja vifaa vinavyomwezesha mtu kuandika kwa mawimbi ya ubongo, naambiwa hayo ni ya ng'ambo, tupate maji kwanza. Sikubali. Aliyenyamazishwa na maradhi hana namna hata ya kuomba hayo maji.

Karibu na Kathonzweni yuko mzee aliyekuwa dalali wa ng'ombe. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na mikono, kikamwachia kope. Binti yake humuuliza: "Baba, ni chai? Ni mto? Ni jua?" Akifumba macho, ni ndiyo. Ilipita asubuhi nzima kabla hatujang'amua kwamba alitaka kujua kama deni la fahali limelipwa. Hesabu zote zimo kichwani mwake, timamu. Kilichokosekana ni njia ya kuzitoa.

Njia hiyo si ndoto. Mwaka 1988, Farwell na Donchin kule Marekani walionyesha jedwali la alama 36 ambalo safu zake humulikwa kwa zamu. Herufi unayoingojea ikimulikwa, ubongo hushtuka baada ya milisekunde 300 hivi, na kompyuta huunasa mshtuko huo kupitia vipokezi vilivyo kichwani. Ni kazi ya polepole, herufi baada ya herufi, lakini mtu anasema neno lake mwenyewe. Hapa kwetu, David Gathu na mwenzake wa Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, wametengeneza mkono wa bandia unaoendeshwa kwa ishara za ubongo, tena kwa vifaa vya elektroniki vilivyokwisha kutupwa.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Umeme wa ubongo ni hafifu mno, hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, kwa hiyo kipokezi lazima kiguse ngozi ya kichwa. Nywele zetu nene za kujikunja hukiinua. Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walibuni vipokezi vinavyobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Misuko ya namna hiyo msusi yeyote wa Wote au Mwingi anaiweza, na ningependa akae meza moja na wahandisi. Halafu kuna lugha: jedwali lisilo na ĩ wala ũ haliandiki Kikamba sawasawa, na mzee yule Kiingereza hakukijua hata alipokuwa mzima.

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya njia ya mawasiliano inayomfaa na ya kupata vifaa vya kumsaidia. Mji wa teknolojia wa Konza uko Malili, ndani ya Makueni. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui. Hatuna haja ya kungoja meli.

Wawakilishi wa wadi wa kaunti hizi mbili, tengeni fungu katika bajeti ijayo: ubao wa herufi za Kikamba kwa kila mgonjwa asiyeweza kusema, uanze sasa hivi, na fedha za kuijaribu kofia ya vipokezi vya ubongo kwenye vichwa vya watu wetu.