Mipira ya zimamoto iwe ya kipimo kimoja





Mwezi Februari, 1904, mji wa Baltimore, Marekani, uliungua kwa muda wa saa 30 hivi. Vikosi vya miji jirani, kama Washington na Philadelphia, vilikwenda kusaidia. Watu hawakukosekana, wala mitambo. Lakini mipira mingi ya wageni hao haikuingia katika koki za maji za Baltimore, maana kila mji ulikuwa na kipimo chake. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2007 ilituundia Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, na msaada huitwa kwa namba 114. Hilo ni jema. Lakini moto mkubwa ukizuka wilayani, huenda msaada ukatoka wilaya jirani, au kwenye kiwanda chenye gari lake. Je, mipira yao inaingiliana? Dereva mgeni anajua maji yalipo? Wamewahi kufanya mazoezi pamoja?

Nashauri wahusika wahakikishe kipimo ni kimoja kwa kila mwenye gari la zimamoto, na wilaya jirani zifanye mazoezi ya pamoja kila mwaka. Kujuana kuanze kabla ya moshi kuonekana. Moto haujui mpaka wa wilaya.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.